Kutafuta Kazi ya Fedha Ughaibuni: Mdhamini ni Nani?

Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Somo letu la mwaka huu limetokana na swali moja ambalo halikuulizwa mapema, na likaigharimu familia yetu ngamia wanane.

Binamu yangu, mwana wa abti, alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya fedha huko Uingereza, masomo ya mwaka mmoja. Abti akawaswaga ngamia hadi soko la mifugo hapa Garissa, wakauzwa, na ukoo ukachanga kilichopungua. Kijana akasoma, akahitimu vizuri, ndipo akaanza kutuma maombi ya kazi. Karibu kila fomu ilikuwa na swali lilelile: "Je, utahitaji udhamini?" Akijibu ndiyo, haikupita wiki ila ameambiwa samahani.

Basi tuanze na neno lenyewe. Sisi hapa tukisema "sponsa" huwa tunamaanisha anayekulipia karo. Huyo ni mdhamini wa masomo. Mdhamini wa viza ni mwingine kabisa. Ni mwajiri aliyeruhusiwa na serikali ya nchi yake kumwajiri mgeni. Wa kwanza anakufikisha chuoni, lakini hana uwezo wa kukuweka kazini. Binamu alikuwa na wa kwanza, akadhani amekamilika.

Sasa tutazame nchi mbili.

Uingereza. Mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini, na orodha ya wenye leseni imewekwa wazi na serikali, haiuzwi. Tangu tarehe 22 Julai 2025, kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ni pauni 41,700 kwa mwaka, au zaidi ikiwa kazi yenyewe ina kiwango cha juu zaidi. Anayetoka masomoni huweza kukubaliwa kwa kiwango pungufu, kuanzia pauni 33,400. Pia kuna viza ya wahitimu, iliyoanza Julai 2021, ambayo humruhusu mhitimu kufanya kazi bila mdhamini. Muda wake ulikuwa miaka miwili, lakini kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ni miezi 18 tu, isipokuwa wenye shahada ya uzamifu. Muda huo ni daraja la kuvukia, si mahali pa kujenga nyumba.

Marekani. Mhitimu hupata miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake. Aliyesoma somo lililo katika orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huweza kuongezewa miezi 24. Hapa pana siri: fedha ya kawaida kwa kawaida haimo katika orodha hiyo, bali hisabati ya fedha imo. Tofauti ya jina la shahada ni tofauti ya miaka miwili! Baada ya hapo mwajiri humwombea viza ya H-1B, ambayo nafasi zake ni 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada za juu za Marekani. Waombaji wakizidi, hupigwa kura. Isitoshe, Septemba 2025 rais wa nchi hiyo aliamuru ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Si mchezo, jamani.

Kosa la binamu lilikuwa wapi? Wakati. Mabenki makubwa ya London hufungua maombi karibu mwaka mzima kabla ya kazi kuanza. Anayefika Septemba kwa masomo ya mwaka mmoja anapaswa kuomba mwezi huohuo, hata kabla hajazoea baridi. Yeye alingoja cheti.

Je, sisi wa Kaskazini Mashariki tuna nini mkononi? Tunacho. Kwanza, tunaijua hawala. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, na mama zetu wakaona maana yake sokoni. Leo benki duniani huajiri watu wa kuchunguza njia za pesa na kuzuia pesa haramu. Anayeelewa hawala kutoka nyumbani ana la kuwaambia. Pili, benki zinazofuata sharia zilifunguliwa Kenya mwaka 2008, na elimu hiyo inatafutwa London na nchi za Ghuba pia. Tatu, mitihani ya uhasibu ya KASNEB, bodi iliyoundwa 1969, inafanywa hapa nchini bila kuuza ngamia hata mmoja.

Na karatasi zetu tuzitengeneze mapema. Mohamed wa cheti cha kuzaliwa asiwe Mohammed wa kitambulisho na Muhammad wa pasipoti. Msako wa vitambulisho wa nyongeza uliotusumbua kwa miaka mingi ulitangazwa kukomeshwa Februari 2025, kwa hiyo ukifika miaka 18 usingoje. Tena, anayekuuzia hati ya udhamini ni mwizi. Mkimbie.

Binamu sasa ni mhasibu Nairobi, na amelipa deni la ngamia watatu. Bado watano. Abti hajawahi kumlaumu, ila kila tukienda kumwona hutuuliza sisi wadogo: "Mmeuliza?"

Maswali ya mjadala
1. Eleza tofauti kati ya mdhamini wa masomo na mdhamini wa viza.
2. Kwa nini jina la shahada lina uzito huko Marekani?
3. "Mali ya ukoo isiuzwe kabla ya swali kuulizwa." Jadili.