Hamu ya Pombe Inaporudi: Mwongozo kwa Aliyeacha na Familia Yake

Umeacha pombe miezi mingi. Jioni moja unapita karibu na baa, unasikia muziki na harufu ya nyama choma, na moyo unaanza kukumbuka vicheko na marafiki. Hali hii huwapata wengi walioacha. Haina maana kwamba umeshindwa.

Kwa nini hamu hurudi

Ubongo wa mnywaji huzoea kuhusisha raha ya pombe na mahali, watu, saa na nyimbo. Kimojawapo kikijitokeza, hamu huamka. Isitoshe, machungu husahaulika upesi kuliko raha. Bia ya kwanza unaikumbuka vizuri; deni la dukani na ada ya mtoto iliyonywewa unavikumbuka kwa mbali.

Kumbuka mpaka asubuhi

Kumbukumbu ikija, usiishie kwenye glasi ya pili. Jiulize: baada ya hapo ikawaje? Nani alinifikisha nyumbani? Simu niliipoteza wapi? Watoto walinitazamaje asubuhi? Andika majibu kwenye karatasi, uitunze mfukoni.

Hamu ikikushika

- Ondoka mahali ulipo. Mara nyingi hamu kali hupanda kisha hupungua ndani ya nusu saa. Oga, tembea au fanya kazi ya mikono.
- Kula na upumzike. Njaa, hasira, upweke na uchovu huikoleza.
- Mpigie mtu mliyekubaliana naye mapema.
- Usijidanganye na "moja tu". Baada ya kukaa bila pombe, kiasi ulichokimudu zamani kinaweza kukudhuru vibaya.

Mfano: Desemba Kilimanjaro

Wachagga wengi hurudi nyumbani kwa Krismasi, na mbege ya ndizi na ulezi huandaliwa. Kuikataa kata ya mbege mbele ya wazee ni vigumu, kwa hiyo usisubiri ikufikie. Mwombe kaka au shangazi azungumze na mzee kabla ya watu kukusanyika. Ukikaribishwa, sema: "Shikamoo babu. Nashukuru sana, ila pombe nimeacha kwa ajili ya afya. Naomba chai." Kaa na kikombe chako mkononi, na uwe na njia ya kuondoka mapema. Jihadhari na togwa iliyokaa siku kadhaa, kwani ikichacha huwa na kilevi.

Wa nyumbani mfanye nini

- Akisema, "Leo nimeikumbuka pombe," msimkaripie. Kaeni naye, mumsikilize.
- Msimtume grosari kununua bia za wageni.
- Msimfanyie utani wa "umekuwa mlokole".
- Mpangieni la kufanya siku ya mshahara na jioni za mwisho wa wiki.
- Akiteleza, msingoje arudie. Zungumzeni naye siku hiyohiyo akiwa hajalewa, mumsindikize kituo cha afya.

Wakati wa kwenda hospitali

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila ushauri wa mhudumu wa afya. Akitetemeka sana, akipata degedege, akichanganyikiwa au akiona vitu visivyokuwepo, mpelekeni hospitali mara moja. Hali hiyo inaweza kuua.

Ikiwa hamu haimpi mtu usingizi au inamfanya afikirie kujidhuru, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Zipo dawa za kupunguza hamu ya pombe, ambazo hutolewa na daktari, na upo ushauri nasaha. Mueleze daktari ukweli kuhusu kiasi ulichokuwa ukinywa, maana matibabu hupangwa kwa kufuata kiasi hicho.