Kadi ya bajaji imeandikwa jina la nani?

Ukitaka kujua chama cha waendesha bajaji kinaongozwa vipi, usianze na katiba. Omba kuona kadi za vyombo. Kama bajaji zilizonunuliwa kwa fedha za wanachama zimesajiliwa TRA kwa jina la mwenyekiti, kwenye karatasi mwenye mali ni yeye, na siku akifariki mtaanza kubishana na warithi wake kabla matanga hayajaisha.

Hali hii inawagusa zaidi wanaokopa halmashauri, iwe Manispaa ya Mtwara-Mikindani au vijijini. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha kwa muda ili kupanga upya utaratibu, baada ya ripoti za CAG kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkopo wa chombo, hakikisheni kadi inatoka kwa jina la kikundi, na kila mwanachama ana nakala yake pamoja na nakala za bima na leseni ya LATRA.

Kinachofuata ni hesabu, yaani fedha anayoleta dereva, na hapa ndipo vyama vingi hufia. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, fedha za minada zikishaingia vijijini, abiria wa Msimbati na Kilambo hawakosekani. Mvua zikikolea mwanzoni mwa mwaka, njia za vumbi hugeuka tope na dereva hupiga tripu chache. Chama kinachodai hesabu ileile mwaka mzima kinajitafutia uongo: dereva ataanza kusema chombo kilishinda gereji. Afadhali mkubaliane viwango viwili, cha msimu na cha mvua, na viandikwe kwenye mkataba wa dereva.

Daftari liwe na tarehe, namba ya chombo, jina la dereva, kilicholetwa, kilichotumika na risiti yake. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika daftari, na anayekagua asiwe mmoja wa hao wawili. Benki wekeni watia saini watatu, wasiotoka nyumba moja.

Halafu kuna spea. Mwenyekiti ambaye shemeji yake ana duka la tairi si lazima awe mwizi. Huenda duka hilo ndilo lenye bei nzuri kuliko yote mjini. Ila atamke undugu huo kikaoni, uandikwe kwenye muhtasari, na atoke nje wenzake wakilinganisha bei. (Akinuna, mmeshajua jambo.)

Wala msidhani wakubwa wamepona. Mwaka 2015 Volkswagen ya Ujerumani ilikiri kwamba magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu iliyodanganya vipimo vya moshi. Kampuni hiyo ilikuwa na bodi ya usimamizi ambayo nusu ya viti vyake ni vya wawakilishi wa wafanyakazi. Viti vya bodi havikagui kitu kama wanaojua ukweli hawausemi, na dereva anayeogopa kunyang'anywa bajaji naye hatasema.

Mkikua, kuna njia mbili. SACCOS huhitaji leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kampuni husajiliwa BRELA, nayo lazima iitishe mkutano mkuu wa wanahisa kila mwaka na kupeleka taarifa zake kwa Msajili.

Kiongozi akikataa kuonyesha daftari, ombeni kwa barua, mbaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Akinyamaza, wa kikundi waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, wa SACCOS kwa mrajis msaidizi wa mkoa, na wanahisa waandike BRELA. Fedha zikionekana zimeliwa, nakala hiyohiyo ya barua ipelekeni polisi au TAKUKURU.