Kabla Hujagusa Mada Isiyoguswa

Mhadhiri anayechunguza jambo ambalo wakubwa hawataki lisemwe haambiwi waziwazi kwamba amekatazwa. Ataulizwa kuhusu kibali, mkataba, ruhusa ya kusafiri, au matokeo ya mtihani aliyochelewa kuyawasilisha. Basi ukitaka kuandika juu ya uchaguzi, ardhi, mauaji ya zamani au mali za viongozi, anza na makaratasi yako.

Kibali kwanza. Tanzania Bara hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI, Uganda na UNCST. Julai 2018 taasisi ya Twaweza ilitangaza kwamba wananchi walioridhika na utendaji wa Rais wa Tanzania walikuwa wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi asilimia 55. Barua iliyofuata kutoka COSTECH ilidai maelezo juu ya kibali cha utafiti. Twaweza si chuo, lakini mlango ni uleule utakaopitiwa kukufikia wewe. Kuna wanaoshauri uipe kazi yako kichwa cha kupoza, kitu kama "changamoto za utawala", kisha uulize unachotaka. Mimi nakataa. Ukibadilisha maswali au wilaya, omba marekebisho kwa maandishi, na majibu yahifadhi.

Nakala za data zisikae mahali pamoja. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti, aliyekuwa akikusanya habari za Mau Mau, alikamatwa Kenya mwaka 1982, polisi wakabeba makaratasi yake ya utafiti, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kukutwa na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Majina ya uliowahoji yaweke mbali na majibu yao. Wewe una chuo na pengine wakili; mzee uliyemkuta kijijini hana.

Sasa jambo ambalo wengi hawalipimi: lugha na hadhira. Mwaka 1977 riwaya ya Kiingereza ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood, iliyowachambua vikali wenye nchi, ilizinduliwa na waziri wa fedha wa Kenya wa wakati huo, Mwai Kibaki. Miezi michache baadaye tamthilia aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii ikachezwa Kamiriithu na wanakijiji wenyewe, kwa Kikuyu, ikapigwa marufuku. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kesi. Alipoachiwa Desemba 1978, Chuo Kikuu cha Nairobi hakikumrudishia kazi yake ya kufundisha. Makala katika jarida linalosomwa na wataalamu wachache humsumbua nani? Maneno yaleyale yakisemwa kwa Kiswahili redioni saa mbili usiku, simu zinaanza kulia kwa makamu mkuu wa chuo. Sisemi ukae kimya. Utafiti wasiousikia wanaohusika una upungufu wake. Ila panga mfuatano: makala ipitiwe na kuchapishwa kwanza, mkuu wa idara apewe nakala kabla hajaulizwa na mtu, ndipo uende redioni.

Usiende peke yako. Chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu nchini Kenya kilipigwa marufuku mwaka 1980, hivyo wahadhiri walipokamatwa mwaka 1982, akiwemo Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, hakukuwa na chama halali cha kuwasemea. Lipa ada ya chama chako hata kama mikutano yake inachosha, na kweli inachosha.

Soma sheria inayokulinda na uitaje kwa namba. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya inataja uhuru wa kitaaluma. Ya Uganda inautaja katika ibara ya 29. Azimio la Dar es Salaam la 1990 kuhusu uhuru huo si sheria, lakini lilitungwa na wahadhiri wa hapahapa, na hakuna awezaye kuliita la kuagizwa. Mambo yakiwa mabaya zaidi, shirika la Scholars at Risk huwatafutia wanataaluma walio hatarini nafasi katika vyuo vingine.

Na ukipokea barua ya kujieleza, usiijibu usiku huohuo ukiwa na hasira. Angalia umepewa siku ngapi, mwone wakili na katibu wa chama, jibu kwa maandishi ndani ya muda huo, kisha hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.