Boti ya faiba isilale majini: somo kwa wenye mitaji Mara

Katika mialo ya Musoma na Bunda, boti za faiba sasa zinaonekana ubavuni mwa boti za mbao. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa, kwa njia ya mkopo nafuu. Aidha, wapo wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama ambao si wavuvi lakini wameweka fedha zao katika boti: mwenye duka, mwalimu, mstaafu aliyepata kiinua mgongo. Hawa hukaa mbali na ziwa, na hesabu za boti huletewa na nahodha.

Somo letu la wiki hii linawahusu hasa hao. Swali lenyewe ni dogo: boti inapokuwa haifanyi kazi, ilale wapi? Wengi hujibu bila kufikiri kwamba boti ni chombo cha majini, basi ilale majini. Kwa boti ya faiba, jibu hilo hula mtaji polepole, na mwenye mtaji hupata habari wakati gharama imekwisha kuwa kubwa.

Kanuni ya mbao haifai kwa faiba

Tuanze na chanzo cha mazoea haya. Boti ya mbao hujengwa kwa mbao zilizopangwa na kukalafatiwa kwa pamba. Ikikaa juani siku nyingi, mbao hukauka, husinyaa, nafasi hufunguka na boti huvuja. Ikirudishwa majini, mbao huvimba na kubanana tena. Kwa hiyo mvuvi mzoefu huona ni busara boti yake isikauke sana. Hakosei, maana hiyo ni kanuni ya mbao.

Faiba ni kitu kingine kabisa. Ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa gundi ngumu iitwayo resini, na juu yake kuna koti jembamba linalong'aa, ambalo mafundi huliita jelikoti. Haina nafasi za kuvimba na kuziba, na haipati faida yoyote kwa kulowa. Tatizo ni kwamba nahodha aliyelelewa na boti ya mbao hukabidhiwa boti ya faiba na kuitunza kwa kanuni ile ile aliyofundishwa na baba yake.

Hasara ya kwanza: malengelenge

Jelikoti huonekana kama kioo, lakini maji hupenya humo kidogo kidogo. Yakifika ndani hukutana na mabaki ya kemikali za resini, hasa pale fundi alipoacha vitundu vya hewa au nyuzi zisizolowa vizuri. Mchanganyiko huo huvuta maji mengine zaidi kutoka nje, kwa njia ile ile ambayo maharage yaliyolowekwa usiku huvuta maji na kuvimba. Shinikizo likizidi, jelikoti huinuka na kufanya malengelenge. Ukilitoboa moja hutoka majimaji yenye harufu kali kama ya siki.

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Boti za faiba zilianza kutengenezwa Marekani miaka ya 1940, na kufikia miaka ya 1980 malengelenge yalikuwa yamesumbua wenye boti kiasi kwamba Walinzi wa Pwani wa nchi hiyo waligharimia utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Rhode Island.

Msomaji wa Mara azingatie mambo mawili. Kwanza, maji baridi yasiyo na chumvi hupenya haraka kuliko maji ya bahari, kwa sababu tofauti kati ya maji ya nje na mchanganyiko ulio ndani ni kubwa zaidi. Pili, maji ya uvuguvugu huharakisha kazi hiyo. Maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa ya nyuzi joto 24 hadi 27 hivi mwaka mzima. Wenye boti wa Ulaya huziopoa majira ya baridi na kuziacha zikauke kwa miezi kadhaa. Sisi hatuna majira yanayotulazimisha kuopoa boti, na ziwa letu ni la maji baridi yenye uvuguvugu. Ni lazima tuamue wenyewe.

Hasara ya pili: ubao uliofichwa

Boti nyingi za faiba zina mbao ndani, hasa sehemu ya nyuma inayobeba injini. Ubao huo umefunikwa kwa faiba pande zote, lakini umetobolewa ili kupitisha bolti za injini. Kama matundu hayo hayakuzibwa vizuri, maji huingia na kukaa humo. Ubao huoza gizani huku nje boti ikiwa inang'aa. Siku ya mawimbi, injini yote hutegemea ubao uliooza.

Dalili yake hupatikana bila mtambo. Gonga sehemu hiyo kwa sarafu au kwa mpini wa bisibisi. Palipo pazima hutoa mlio mkali. Palipooza hutoa mlio mzito kama wa kugonga gunia. Kisha inua na kushusha mguu wa injini ukiangalia kama ubao unacheza.

Hasara ya tatu: mvua, upepo na uoto

Piga hesabu ya mvua. Boti ya wazi yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 2 ina eneo la mita za mraba 16. Mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja, ambayo si ya ajabu msimu wa masika, huingiza humo lita 800. Hizo ni kilo 800, sawa na mifuko 16 ya saruji. Boti huzama upande wa nyuma ilipo injini, wimbi moja huvuka ukingo, na asubuhi nahodha hukuta kamba imeingia majini.

Upepo nao huja usiku na alfajiri. Ufuo wa Musoma una mawe mengi, na boti iliyofungwa karibu na jiwe husagwa ubavu kila wimbi linapopita. Jelikoti ikishakwanguka, maji hayahitaji tena kupenya kidogo kidogo, yamefunguliwa mlango. Upande wa Bunda, kwenye Ghuba ya Speke, na hata maeneo ya Mto Mara, magugumaji yakisukumwa na upepo huweza kuvuta boti pamoja na nanga yake. Kina cha ziwa pia hubadilika. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia. Kamba iliyopimwa kwa maji ya mwaka jana huenda isifae mwaka huu.

Kuhusu uoto, ziwa halina chaza wa baharini, lakini utelezi wa kijani huota chini ya boti ndani ya muda mfupi. Boti yenye utelezi hukokota, na kinachokokotwa hulipwa kwa petroli. Mwenye boti akiona matumizi ya mafuta yanapanda na samaki ni wale wale, asianze kwa kumtuhumu nahodha. Aangalie kwanza chini ya boti.

Neno moja kuhusu injini: ikiachwa imezama, mguu wake wa alumini huliwa. Kipande cha metali kinachofungwa hapo ili kiliwe badala yake kisiwe cha zinki, kwani zinki hufanya kazi vizuri kwenye chumvi na hulala kwenye maji baridi. Kwa ziwa letu hufaa cha magnesiamu au cha alumini. Na kama boti lazima ibaki majini, mguu uinuliwe.

Hesabu ya mfanyabiashara

Wapo watakaosema kuopoa boti ni gharama. Ni kweli, basi tuipige. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za mwalo wake.

Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika siku za mbalamwezi, kwani dagaa hawavutwi na taa wakati mwezi unang'aa. Tuseme ni siku 10 kila mwezi. Hizo ni siku 120 kwa mwaka ambazo boti haina kazi majini. Tuseme unalipa vijana 8 shilingi 3,000 kila mmoja kuopoa, na kiasi hicho hicho kurudisha. Ni shilingi 48,000 kwa mwezi, yaani 576,000 kwa mwaka. Ongeza turubai na magogo ya kuviringishia kwa shilingi 300,000 vitakavyodumu miaka 3, sawa na 100,000 kwa mwaka. Jumla ni 676,000.

Upande wa pili, tuseme boti isiyoopolewa inahitaji matengenezo makubwa mara moja kila miaka 4. Malengelenge hayatengenezwi kwa siku moja. Hufunguliwa, huoshwa, boti huachwa ikauke kwa wiki kadhaa, ndipo hujazwa na kupakwa epoksi. Tuseme vifaa na fundi ni shilingi 1,500,000, na boti inakaa nje siku 60 za kazi ambazo kila moja ingekuletea faida ya 40,000. Hapo unapoteza 2,400,000 nyingine. Jumla ni 3,900,000, ambayo ukiigawa kwa miaka 4 ni 975,000 kwa mwaka.

Tofauti ni karibu shilingi 300,000 kwa mwaka. Si fedha ya kutajirisha mtu. Lakini hesabu hii haijagusa boti kuzama, injini kuibwa usiku, wala bei kushuka siku ya kuuza. Zaidi ya hayo, aliyenunua kwa mkopo akumbuke kwamba katika siku 60 za matengenezo marejesho hayasimami. Na mwenye bima asome mkataba wake vizuri: kwa kawaida bima ya chombo hulipa ajali, hailipi uchakavu wa polepole wala uzembe wa matunzo.

Namna ya kuopoa

Kuopoa vibaya nako ni hasara. Boti ya faiba isiburutwe juu ya mawe wala kokoto. Tandika magogo laini au matairi, shusha injini na matenki ya mafuta kwanza, kisha viringisha. Ikifika juu, uzito wake ukae kwenye mkuku, si kwenye ubavu mmoja. Mbele iinuliwe kuliko nyuma, kizibo cha nyuma kitolewe ili maji ya mvua yatoke, na turubai iwekwe huku hewa ikipita. Kizibo kifungwe kwa uzi kwenye usukani au mahali pa kuonekana. Boti nyingi huzama siku ya kurudishwa majini kwa sababu kizibo kimesahaulika.

Kama mwalo wako hauruhusu kuopoa kila mwezi, basi fanya mambo mawili. Boti ikiwa mpya na kavu, ipakwe chini matabaka kadhaa ya rangi ya epoksi kabla haijagusa maji. Na angalau mara mbili kwa mwaka iopolewe, ioshwe na kukaguliwa. Unapoagiza boti mpya, muulize mtengenezaji ametumia resini gani. Vinilesta huzuia maji vizuri kuliko poliesta ya kawaida, nayo ni ghali zaidi.

Kwa anayenunua boti iliyotumika

Hapa ndipo wawekezaji wadogo huumia. Malengelenge huweza kunywea boti ikikauka. Boti iliyokaa nchi kavu wiki tatu huweza kuonekana nzima, na ikirudi majini ugonjwa hurudi. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa boti iliyokwisha kukauka. Omba iopolewe mbele yako, uipapase chini ikiwa bado inachuruzika maji. Rangi mpya chini ya boti inayouzwa ni sababu ya kuuliza maswali zaidi. Gonga ubao wa injini kama tulivyoeleza. Dai pia kuona nyaraka za usajili na ukaguzi wa TASAC.

Mwisho, mwenye boti anayekaa Butiama au Bunda mjini aandikiane na nahodha mambo haya: nani anaopoa, tarehe gani, nani analipa vijana, na nani anatunza kizibo na turubai. Makubaliano ya mdomo kuhusu samaki huwa yapo siku zote. Kuhusu boti yenyewe mara nyingi hayapo. Siku ya kwanza ya mbalamwezi ijayo, panda gari uende mwaloni ukaone mwenyewe boti yako imelala wapi.