Sauti Inapochelewa Kumrudia Msemaji

Mtu anaposema, ubongo wake huipokea sauti yake mwenyewe kupitia hewani na kupitia mifupa ya fuvu. Kwa sauti hiyo huongoza mwendo, ukubwa na matamshi ya maneno. Sauti ikicheleweshwa, masikio hupeleka taarifa isiyolingana na yale yanayotendwa na kinywa.

Bernard Lee wa Marekani alilieleza jambo hili katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1950. Ucheleweshaji wa takribani moja ya tano ya sekunde ndio huvuruga zaidi. Hata mtu mwenye usemi timamu hupunguza mwendo, hupaza sauti, huvuta irabu na kurudia silabi.

Hali hii haihitaji maabara. Sauti husafiri hewani takribani mita 340 kwa sekunde. Katika mkutano wa hadhara huko Kikwe, wilayani Meru, spika ikifungwa mita 68 kutoka kwa msemaji na kumwelekea, maneno yake humrudia baada ya moja ya tano ya sekunde. Akibabaika, wasikilizaji huweza kudhani kwamba amelewa au ana hofu. Dawa yake ni kuiweka spika mbele yake, karibu naye, ikiwaelekea wasikilizaji.

Simu yenye mwangwi huleta taabu hiyohiyo. Mara nyingi mwangwi hutokea upande wa pili. Hivyo mhudumu wa afya anayemhoji mgonjwa kwa simu azime spika ya simu yake mwenyewe kwanza, kisha ausikilize usemi upya. Matamshi yakibaki mazito, na hasa ikiwa yameanza ghafla pamoja na uso kupinda upande mmoja au mkono kulegea, hiyo ni dalili ya kiharusi: mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.

La ajabu ni kwamba ucheleweshaji mfupi zaidi huwapunguzia kigugumizi baadhi ya wenye tatizo hilo. Hata hivyo, nafuu hiyo hutofautiana baina ya mtu na mtu, na mara nyingi hupungua kifaa kinapoondolewa. Kwa hiyo kifaa ni msaada, si tiba. Mtoto mwenye kigugumizi apelekwe kwa mtaalamu wa usemi. Nyumbani na shuleni asikilizwe hadi amalize, wala asimaliziwe maneno.