Kungoja Upepo

Katika darasa yetu moja lilizuka suali ambalo twaona si vyema kuliacha lipite hivi hivi. Kijana mmoja alisema ya kwamba wazee wetu wa pwani walichelewa kwa kuzoea kungoja: wakingoja kaskazi, wakingoja kusi, na hali hiyo wakaiita subira. Suali ni zito. Jawabu yake twaitafuta katika safari ya jahazi lililoitwa Sohar.

Jahazi hilo liliundwa Sur, Omani, mji ambao vyombo vyake vilikuwa vikija Lamu, Mombasa na Unguja kila msimu. Mwingereza Tim Severin alitaka kujua kama jahazi la kale la Kiarabu, lisilo na msumari hata mmoja, laweza kufika Uchina. Na Sultani Qaboos akamsaidia. Likatweka tanga Maskati mwezi wa Novemba 1980, likafika Canton mwezi wa Julai 1981, mwendo wa maili zipatazo 6,000.

Kaskazi iliwachukua vizuri hata pwani ya Malabar, na baadaye wakafika Sri Lanka. Kutoka hapo walihitaji kusi iwasukume mashariki hata Sumatra, na kusi ikakawia. Wakaingia katika maleleji: upepo mara huku, mara kule, kisha shwari tupu, na tanga lawalegalegea mlingotini kama nguo iliyoanikwa. Hayo hayakuwa ya siku mbili tatu bali ya majuma. Tena upepo ukawageukia, ukalipiga tanga kubwa kwa mbele, na foromali ikavunjika. Maji ya kunywa nayo yakawa ya kupimwa.

Je, walikunja mikono? Walikichukua kipande cha foromali kilichobaki kizima, wakakitengeneza, wakatweka tanga dogo. Mvua iliponyesha waliyakinga maji. Walivua samaki. Kusi ilipovuma ilikikuta chombo ki tayari. Subira ndiyo hiyo. Ama yule alalaye barazani akisema kuwa upepo utakuja, huyo ana jina jingine, na kila msomaji alijua.

Lakini liko jambo lililotushughulisha zaidi ya hilo, nalo lilikuwa kabla ya tanga kutwekwa. Mbao za jahazi lile, zilizonunuliwa Malabar, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na kwa hesabu ya Severin mwenyewe kamba hizo zapata maili 400. Nje likapakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu, kulikinga na wadudu wa baharini watoboao mbao. Sur ni mji wa waunda vyombo tangu zamani. Hata hivyo washonaji iliwabidi kuwatafuta visiwa vya Laccadive, ambako kazi hiyo ilikuwa haijafa. Lau mafundi wale wangalikufa bila ya kumfunza mtu, mali ya Sultani isingalifaa kitu.

Na sisi tulikuwa na mtepe. Ulishonwa vivyo hivyo kwa kamba za nazi, huko Pate na Faza na visiwa jirani, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mengi ya tuyajuayo juu yake yaliandikwa na wageni waliopita, wakauona, wakauchora. Sisi tulioupanda na kuushona hatukuandika. Kwa hiyo kijana wetu amepatia kwamba tumechelewa, ila ametukosea mahali: si katika kungoja upepo, bali katika kungoja mpaka fundi azikwe ndipo tuulize alivyokuwa akifanya.

Katika makumbusho ya Lamu mna mifano midogo ya mitepe. Tumemwomba kijana aende akaitazame, na akirudi amtafute mzee yeyote wa mtaani kwake aliyewahi kushika tezo, akae naye, daftari mkononi. Atakayoyapata tutayasoma darasani.