Mtoto wa Kifafa Akitokwa na Vipele



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mara nyingi hufika kliniki kwetu likiwa limechelewa, nalo ni vipele vinavyomtoka mtoto baada ya kuanza dawa za kifafa. Wazazi wengine wakiviona huacha vidonge vyote siku hiyo hiyo. Wengine huendelea kumpa mtoto dawa wakisema ni harara ya joto, itapita. Makosa haya yote mawili yanaweza kumpotezea mtoto uhai.

Tuliwahi kumpokea mtoto wa kike wa miaka 9, aliyekuwa na siku 12 tu tangu aanze dawa. Alitokwa na vipele vichache kifuani. Jirani akamwambia mama kwamba dawa imemkataa, naye mama akaiacha bila kuja kutuona. Siku ya tatu mtoto alishikwa na kifafa jikoni, akaangukia moto, mkono ukaungua vibaya. Tulipomwuliza mama kwa nini hakuja, alijibu, "Sikuambiwa kwamba vipele ni jambo la kuleta hospitali." Alisema kweli. Tulimpa vidonge na tarehe ya kurudi, tukasahau kumpa onyo. Ndiyo sababu twaandika somo hili.

Vipele hivi hutoka wapi?

Mwili wa binadamu una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wachache askari hao huiona dawa kama adui, nao wakipigana nayo ngozi huumia. Si uchawi, wala si dalili kwamba mzazi amekosea kupima dozi. Dawa za kifafa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili ni kabamazepini (wengi huijua kwa jina la Tegretol), fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini. Mara nyingi vipele huanza katika wiki 8 za kwanza, hasa kuanzia wiki ya pili. Kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo ndiyo ya kukesha.

Kwa sababu hiyo pia daktari huanza na dozi ndogo na kuipandisha polepole. Mzazi asiharakishe kuongeza vidonge kwa kuona kifafa hakijatulia. Kwa dawa ya lamotrijini hasa, kupandisha dozi haraka huongeza hatari ya ngozi.

Vipele vya kawaida na vipele vya hatari

Watoto wengi wanaopatwa hutokwa na vipele vidogo vya kuwasha tu, bila homa, na mtoto hucheza na kula kama kawaida. Lakini wachache sana hupatwa na ugonjwa mkali. Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Stevens na Johnson, waliandika habari za watoto wawili wa kiume waliokuwa na homa kali, vipele mwilini, vidonda mdomoni na macho yaliyoumia vibaya. Tangu hapo ugonjwa huo unaitwa kwa majina yao, na leo twajua kwamba mara nyingi huletwa na dawa. Ngozi hubabuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Anayepona anaweza kubaki na makovu au upofu, na wengine hufariki.

Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi. Vipele huweza kuonekana kama madoa meusi zaidi au ya zambarau, au ngozi ikawa ya kukwaruza mkononi. Basi mvue mtoto nguo, mtazame mwili mzima kwenye mwanga wa mchana. Angalia pia viganja, nyayo, macho, ndani ya mdomo na sehemu za siri.

Dalili za hatari ni hizi:

1. Homa pamoja na vipele.
2. Vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri.
3. Malengelenge, au ngozi kubabuka.
4. Ngozi kuuma sana hata ikiguswa kidogo.
5. Uso kuvimba, au mitoki shingoni.
6. Macho kuwa ya manjano.
7. Kupumua kwa shida, au midomo na ulimi kuvimba.

Mzazi afanye nini?

Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, usimpe mtoto dozi inayofuata. Mpeleke hospitali wakati huo huo, usiku au mchana. Hospitali tutaisimamisha dawa hiyo na kumpa nyingine ya kumlinda asishikwe na kifafa. Hili la pili ndilo lisilowezekana nyumbani. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, hasa fenobabitoni, mtoto anaweza kushikwa mfululizo bila kupata fahamu. Kifafa kikipita dakika 5 bila kukoma, huo ni msiba wa kukimbizwa hospitali.

Kama ni vipele vichache na hakuna dalili ya hatari, usiiache dawa kwa uamuzi wako, lakini pia usingoje tarehe ya kliniki. Mlete mtoto siku hiyo hiyo. Huenda ikawa ni harara kweli, au upele, au surua. Surua nayo huja na homa, kikohozi na macho mekundu, na vipele vyake huanzia usoni na nyuma ya masikio. Kazi ya kutofautisha tuachie sisi.

Njoo na kadi ya kliniki na dawa zote anazotumia, pamoja na zile za dukani na za mitishamba. Septrin na dawa nyingine za salfa nazo huleta madhara haya haya, kwa hiyo ni lazima tujue alipewa nini na lini. Hata watoto wanaopewa dawa za kutuliza utukutu uliozidi, kama methylphenidate na atomoxetine, wakitokwa na vipele waletwe waonwe.

Mambo ya kuepuka ni haya. Usitumbue malengelenge. Usimpake dawa ya meno, mafuta ya taa wala majani. Usimnunulie dawa nyingine dukani. Piritoni hupunguza kuwasha, lakini haizuii ugonjwa ule mkali. Njiani mfunike kwa kanga safi, na kama anaweza kumeza mpe maji kidogo kidogo.

Baada ya kupona

Mtoto aliyedhurika na dawa asirudishiwe dawa hiyo tena, maana mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zina undugu. Aliyedhurika vibaya na moja anaweza kudhurika na nyingine. Omba jina la dawa liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kadi, nawe ulijue kwa moyo. Ulitaje kila unapokwenda zahanati, hata kama ni kwa ajili ya malaria. Kama ndugu yake wa tumbo moja ataanzishiwa dawa ya kifafa, tuambie pia.

Lakini tusiziogope dawa hizi. Fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na watoto wengi wanaoimeza kila siku wanasoma, wanalima na kutumikia altareni bila kuanguka. Yule binti wa miaka 9 alibadilishiwa dawa. Mkono wake una kovu, ila amerudi darasani.

Ndugu zetu wa jumuiya ndogo ndogo, mkisikia mtoto wa jirani ameanza dawa za kifafa, waulizeni wazazi wake kama wamemtazama ngozi wiki hii. Swali hilo dogo linaweza kumwokoa.

Mungu awalinde watoto wetu.